Jiko la presha la umeme: miezi 14 ya maharage, makande na supu ya mifupa

Jiko la presha la umeme la lita 6 nililonunua Kariakoo kwa shilingi 165,000 limekaa jikoni mwetu Tabata kwa miezi 14 sasa, na katika muda huo limewapikia watu sita, mara nne au tano kila wiki, vyakula vilevile tulivyokuwa tukila kabla halijaja. Nimengoja muda wote huo kabla ya kuandika kwa sababu chombo cha jikoni hakihukumiwi kwa wiki yake ya kwanza, wakati bado kinang'aa na kila mtu nyumbani ana hamu ya kukigusa. Chapa yake siitaji. Majiko mengi ya aina hii yaliyopo madukani yanafanana kwa ukubwa, kwa nguvu na hata kwa mpangilio wa vitufe, na ninachotaka kukipima hapa ni manufaa na kasoro za aina yenyewe.

Niseme mapema kwamba hakuna kitu tulichokinunua kwa ajili ya jikoni tangu tuanze maisha kilichotufaa kama hiki, ingawa sababu yangu haifanani na ile aliyonipa muuzaji. Yeye alilisifia kwamba linapika wali kwa dakika 12. Wali haukuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni maharage.

Chakula cha bei nafuu hapa kwetu kina gharama ya pili ambayo sokoni haitajwi. Maharage nayanunua shilingi 3,200 kwa kilo, mahindi yaliyokobolewa ni chini ya hapo, na nusu kilo ya maharage inatutosha mboga watu sita na kubaki, kwa bei ambayo nyama wala samaki haiifikii. Hata hivyo maharage makavu yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili hadi tatu, makande hukaa zaidi, na mtu anayeshuka daladala saa moja usiku hawezi kuinjika sufuria itakayoiva saa nne wakati watoto wameshalala. Ndiyo maana kwa miaka mingi nyumba yetu ilikuwa na ndoo ya maharage chini ya meza na bado, jioni mbili au tatu za kila wiki, tulituma mtu kibandani akanunue chipsi. Hiyo ni zaidi ya shilingi 12,000 kwa jioni moja, kwa chakula kisichomshibisha mtoto hadi asubuhi. Kilichokuwa kikitupeleka kwenye chipsi ni muda wa kuivisha ule unafuu tuliokuwa nao tayari ndani.

Kanuni ya jiko hili ni ya zamani. Mfaransa Denis Papin alionyesha sufuria yake ya mvuke jijini London mwaka 1679, na tangu hapo wazo ni lilelile. Maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 na hayapati joto zaidi hata uongeze mkaa kiasi gani. Mvuke ukizuiwa kutoka, mgandamizo hupanda na maji nayo hupanda joto hadi karibu nyuzi 115, kiasi kinachotosha kupunguza muda wa maharage kwa zaidi ya nusu. Wenzetu wa nyanda za juu wananufaika zaidi, kwa sababu mahali palipoinuka kama Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94 tu, na kila mama wa huko anajua maharage yanavyokaa motoni. Kilichoongezwa na jiko la umeme ni uangalizi. Linavuta wati 1,000 kwa dakika 10 hadi 15 za mwanzo, mpaka pini ndogo ya mfuniko iinuke na kujifunga. Baada ya hapo linajizima na kujiwasha lenyewe kwa vipindi vifupi ili kulinda joto, na kwa kuwa sufuria imezungukwa na ukuta unaohifadhi joto, vipindi hivyo ni vichache. Mpishi haitwi tena kuongeza maji, kupuliza mkaa wala kukoroga chini.

Kipimo ninachokiamini ni mita. Jumapili moja, mama yangu alipokuwa ametutembelea kutoka Same, nilizima friji, feni na taa zote, nikasoma mita ya LUKU, ambayo huonyesha uniti za umeme zilizobaki, ikaonyesha 43.62. Ndani ya jiko niliweka nusu kilo ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage, vyote havikulowekwa, maji lita mbili na nusu na kijiko cha mafuta, nikafunga mfuniko na kuweka dakika 60. Mama alivuta kigoda akakaa mlangoni akiliangalia kama anayemlinda mgonjwa. Yeye ni Mpare, na Upareni makande ni chakula chenye heshima yake, kwa hiyo sikushangaa aliponiambia, "Mwanangu, makande hayaharakishwi." Jiko lilitumia dakika 17 kupanda presha, dakika 60 kupika, na nililiachia dakika 20 nyingine lishushe mvuke lenyewe. Nilipofungua, mama alichota punje moja ya mahindi, akaipuliza, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likafunguka na hapakubaki kiini kigumu katikati. Akabana ya pili, kisha ya tatu. "Yameiva," akasema. "Moshi tu ndio haupo." Mita ilikuwa 42.99.

Uniti 0.63 kwa sufuria ya makande iliyotulisha mchana na usiku. Fedha yake inategemea daraja la mteja, na hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu, wakaogopa umeme bila sababu au wakauamini kupita kiasi. Sisi tuko daraja T1, la matumizi ya kawaida, ambalo shilingi 1,000 hununua uniti 2.8 ukiweka kando kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, hivyo makande yale yaligharimu shilingi 225. Kwa mteja wa D1, daraja la nyumba zinazotumia umeme kidogo, ambaye uniti moja inamfikia kwa shilingi 122 pamoja na tozo na kodi, ni shilingi 77. Nusu kilo ya maharage matupu, kwa vipimo vyangu vingi, hula kati ya uniti 0.35 na 0.42, yaani kwetu kama shilingi 140. Zamani makande yaleyale yalinimalizia kisado kizima cha mkaa cha shilingi 2,500, mbali na mafuta ya taa ya kuwashia na masizi ya kusugua kesho yake.

Mteja wa D1 lakini aangalie jambo moja. Bei yake ndogo ni kwa uniti 75 za kwanza katika mwezi, na zinazozidi huuzwa shilingi 350 kabla ya kodi, bei iliyo juu hata ya T1. Upishi wetu wote katika jiko hili hula kama uniti 10 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 40 haitasikia kitu. Nyumba ambayo friji na televisheni vimeshaifikisha 70 itavuka mstari, na ni vizuri ijue hivyo kabla ya kununua.

Sasa niende kwenye vyakula vyenyewe, maana jiko halijui kupika, linajua kupasha. Maharage ya soya na ya njano nayapa dakika 45 bila kulowekwa, choroko 15, dengu 35, kunde 20. Kwa jamii yote ya kunde sufuria isipite nusu, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba tundu la vali, na kijiko cha mafuta hulituliza povu hilo. Nyanya na limau havitangulii. Uchachu hulifanya ganda la haragwe ligome kulainika, na niliwahi kupika dakika 70 nikapata maharage yanayogongana mdomoni kwa sababu tu nilitaka kuweka kila kitu kwa pamoja. Utaratibu ulionifaa ni kuchemsha kwanza hadi yaive, kuyatoa, kukaanga kitunguu, karoti na nyanya katika sufuria ileile kwa kitufe cha kukaangia mfuniko ukiwa wazi, kisha kuyarudisha. Tui la nazi nalo huja mwisho kabisa, kwa moto mdogo na bila mfuniko, kwani tui zito likipigwa presha hukatika, mafuta yakaelea juu na maziwa yakashika chini.

Supu ya mifupa ndiyo iliyoniaminisha kwamba bajeti ya nyama inaweza kubadilika. Mifupa ya paja na vipande vya shingo ambavyo bucha huviuza kwa karibu nusu ya bei ya nyama laini hutoka baada ya dakika 50 vikiwa vimeachana na mfupa, mchuzi wake ni mzito na unaganda ukipoa, na hautaki zaidi ya tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu ya mezani. Makongoro huenda saa moja na robo. Kwa utumbo dakika 35 zinatosha, uwe umeoshwa vizuri, kwa kuwa harufu iliyofungiwa ndani hurudi yote puani siku utakayofungua. Ndizi za nyama nazipika kwa hatua mbili, nyama dakika 25, kisha natoa mvuke, naongeza ndizi bukoba zilizomenywa na kufunga tena kwa dakika sita. Saba huzifanya uji.

Kisamvu kinastahili tahadhari yake. Majani ya muhogo yana sumu ambayo bibi zetu waliiondoa kwa kutwanga na kuchemsha sufuria ikiwa wazi ili itoke na mvuke, na jiko linalofunga mvuke ndani linakwenda kinyume cha hekima hiyo. Kwa hiyo kisamvu changu hutwangwa hadi kiwe laini, huchemka kwanza bila mfuniko katika sufuria ya kawaida, maji yale ya kwanza humwagwa, ndipo kiingie kwenye presha kwa dakika 20 na kumaliziwa kwa karanga au tui. Muuzaji hakunieleza jambo hili, na kijitabu kilichokuja na jiko, kilichoandikwa kwa walaji wa nchi nyingine, hakijui kisamvu ni kitu gani.

Kuna vyakula ambavyo jiko hili halina msaada navyo. Ugali unataka mwiko na mkono. Chapati zinataka chuma kipana, mchicha na matembele huiva haraka kuliko muda wa jiko kupanda presha, na samaki mbichi husambaratika. Wali linapika, tena vizuri, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na robo cha maji, ila halitoi ukoko, na nyumbani kwetu ukoko una wenyewe, wanaougombania. Pilau inaiva kwa ladha nzuri lakini punje zake hulala; ya sherehe bado naipalia mkaa juu. Kwa maneno mengine, jiko hili limepunguza kazi ya gesi na mkaa bila kuiondoa. Mtungi wetu wa kilo 15, uliokuwa ukiisha katika wiki tano, sasa unafika wiki tisa au kumi.

Kasoro ya kwanza, na ndiyo inayoniudhi zaidi, ni lugha. Vitufe vyote 12 vimeandikwa kwa Kiingereza na kijitabu kina Kichina na Kiingereza. Msichana anayetusaidia nyumbani ni mpishi hodari aliyesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, na kwa wiki tatu aliogopa kuligusa jiko kwa hofu ya kubonyeza kitu kitakacholipua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hatutafika huko kwa vitufe ambavyo mpishi hawezi kuvisoma, na ningependa kuona waagizaji wakilazimishwa kuweka maandishi ya Kiswahili, hasa yale ya usalama: usilazimishe mfuniko kabla pini haijashuka, usiweke uso wala mkono juu ya vali unapotoa mvuke, safisha tundu la vali kila baada ya maharage.

Mpira wa kuzibia ulio ndani ya mfuniko ni kasoro ya pili. Ni kitu kidogo, lakini jiko zima linautegemea, kwani ukilegea au kupasuka mvuke hutoka pembeni, pini haiinuki, na jiko linabaki sufuria ghali. Wetu ulianza kuvuja mwezi wa 11. Duka lililoniuzia halikuwa na mpira wa akiba, na lile karatasi la waranti ya mwaka mmoja, nilipolipeleka, nikaambiwa halina mhuri kwa hiyo halina kazi. Nilizunguka wiki mbili hadi nikapata mpira uliolingana kipenyo, shilingi 8,000, kwa fundi wa majokofu. Mpira huo pia hunywa harufu. Tulipika pweza siku moja, na maharage ya kesho yake yakanukia pwani. Tangu hapo nina mipira miwili, mmoja wa vyakula vya baharini na mwingine wa vyote vilivyobaki, na baada ya kila upishi nauvua, nauosha na kuuanika.

Kuhusu waya nitasema kwa msisitizo kwa sababu ungetuunguzia nyumba. Mwezi wa pili tulilichomeka jiko kwenye ekstensheni nyembamba ya bei rahisi iliyokuwa tayari na friji na pasi. Nilisikia harufu ya plastiki kabla ya kuona chochote, na nilipovuta plagi, tundu lake lilikuwa limelainika na kuacha alama ya kahawia ukutani. Jiko la wati 1,000 linataka soketi yake ya ukutani, peke yake. Anayepanga chumba chenye soketi moja inayolegea amwite fundi kwanza, ndipo aende dukani.

Umeme wenyewe ukiwa mdogo, kama inavyotokea mtaani kwetu kati ya saa moja na saa tatu usiku, jiko huchukua hadi dakika 28 kupanda presha badala ya 12, ingawa chakula huiva vilevile. Umeme ukikatika katikati, usilifungue. Joto lililofungiwa huendelea kupika kwa muda mrefu, na mara mbili nilikuta maharage yameiva gizani. Umeme ukirudi lakini, jiko letu husahau lilipofikia, na unalazimika kukadiria dakika zilizobaki. Sufuria ya ndani imepakwa rangi ya kuzuia kushika, nayo imeanza kubanduka mahali ambapo kijiko cha chuma kilipita. Anayeweza kupata lenye sufuria ya ndani ya chuma cha pua alipende hilo, hata likizidi kwa shilingi 30,000.

Ningemshauri nani anunue? Nyumba inayokula maharage, kunde, makande au supu walau mara tatu kwa wiki, yenye umeme wa kuaminika kiasi na soketi nzima. Kwetu sisi jioni za chipsi zimeshuka hadi moja kwa wiki, na hiyo ni kwa raha, kwa hiyo bei ya jiko ilirudi kabla ya miezi mitatu kwisha. Mseja anayepika wali na mayai hatapata faida, na lita 6 zitamzidi. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika kila siku, na ana gesi, atafute sufuria ya presha ya kawaida ya kuweka juu ya jiko. Ni rahisi zaidi, haina vitufe wala kumbukumbu ya kupotea, ila itamtaka akae karibu kuhesabu dakika. Dukani, kabla ya kulipa, ombeni lichomekwe na kuchemshwa maji vikombe viwili hadi pini iinuke, ulizeni mpira wa akiba upo au haupo, na msiondoke na karatasi ya waranti isiyopigwa mhuri.

Mama alirudi Same na baada ya mwezi akapiga simu kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, "Lile jiko lako bado linapika?" Nyumba yake iko D1 na hula uniti 30 kwa mwezi. Nimemnunulia lake, lenye sufuria ya chuma cha pua, pamoja na mipira miwili ya akiba, na kabla ya kulipakia kwenye basi nilibandika vipande vya karatasi ya gundi juu ya vitufe na kuandika kwa wino usiofutika: MAHARAGE, MAKANDE, NYAMA, WALI, KUKAANGA, ZIMA.